Tiketi ya msimu ya baleti: nililipia kiti changu, nikapewa "kiti ni kiti"

Msinunue tiketi ya msimu ya baleti. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nawasukuma watu wanunue, na wapo walionisikiliza. Nikifika mwisho huenda nikalegeza kamba kidogo, lakini hasira niliyo nayo ni ya haki na sina sababu ya kuificha.

Anayelipia msimu mzima, yaani maonyesho kadhaa kwa mkupuo, analipia kiti. Punguzo lipo, kubadilishiwa tarehe kupo, kununua tiketi za ziada kabla hazijafunguliwa kwa watu wote kupo, na yote hayo ni mazuri. Ila kinachomfanya mtu atoe pesa nyingi kwa mkupuo, miezi kadhaa kabla pazia halijafunguliwa, ni ahadi kwamba kile kiti ni chake, msimu huu na unaofuata, mpaka achoke mwenyewe.

Na kwenye baleti kiti si jambo dogo. Ukikaa chini karibu na jukwaa utaona nyuso, utasikia viatu vikigonga mbao, utaona mbavu za mchezaji zikipanda na kushuka wakati uso wake unakuambia hajachoka. Raha yake ipo. Lakini kundi zima likijipanga, ukiwa chini unaona safu ya kwanza na vichwa vya waliobaki. Mistari inayopishana, duara linalofunguka na kujifunga, yote hayo unayapata ukiwa juu kidogo na katikati.

Changu kiko roshani ya kwanza, safu ya mbele, katikati. Hakikuja kwa bahati. Nilianzia pembeni kabisa, na kila ulipofika wakati wa kuhuisha nikawa naomba kusogezwa, maana mwenye msimu husikilizwa kwanza kabla viti vilivyoachwa havijauzwa kwa wageni. Nikasogezwa viti viwili, mara vitatu, mara safu moja mbele. Viti vizuri hupatikana hivyo, kwa kusubiri. Kwa hiyo mtu akikichezea kiti cha mwenye msimu, anachezea miaka ya mtu.

Onyesho la mwisho la msimu lilikuwa La Bayadère, kazi ya mtunzi wa baleti Marius Petipa ya mwaka 1877 kwa muziki wa Ludwig Minkus. Kisa chote sitakisimulia. Solor amemsaliti mpenzi wake, Nikiya, binti wa hekaluni. Nikiya amekufa kwa sumu ya nyoka. Solor kwa majuto anavuta kasumba na kuota ufalme wa vivuli. Kwa sehemu hiyo ya ndoto peke yake ningelipia msimu mzima. Jukwaa tupu lenye giza la buluu, na kwa nyuma mteremko. Mchezaji mmoja mwenye nguo nyeupe anatokea juu kule, anaunyoosha mguu mmoja nyuma huku kifua kikiinama mbele, anajirudisha, anainua mikono na kujipinda nyuma, anapiga hatua, anarudia. Nyuma yake anatokea wa pili. Wa tatu. Hatua zile zile, muziki ule ule, mpaka wametimia 24, kwingine 32, na yule wa kwanza ameshazirudia hatua hizo kuliko wenzake wote, juu ya mbao zilizoinama, kwa mguu mmoja, bila kutetemeka. Hakuna kuruka, hakuna mizunguko ya kupigiwa makofi. Ukiwa katikati unaona mstari mmoja mweupe unaoshuka, unakata kona, unashuka tena, mpaka jukwaa lote limejaa. Nimeona watu wazima wakilia hapo bila aibu.

Basi siku hiyo nafika, mhudumu wa mlangoni anapitisha tiketi yangu kwenye kimashine, kinalia. "Umehamishwa, mama. Pita dirishani."

Kijana wa dirishani hakuinua hata macho. Akanisukumia karatasi chini ya kioo, kidole bado kikiwa juu ya simu yake. Nikauliza kuna nini. "Kuna kamera." Kumbe onyesho linarekodiwa, viti vya katikati vya roshani vimeng'olewa, pamejengwa ulingo wa kamera. Kurekodi kunapangwa mapema, hakuanguki kutoka mbinguni siku ya onyesho, na barua pepe yangu wanayo, maana kila wakitaka mchango huwa wananipata. Nikajizuia. Nikamwambia, mwanangu, kiti hiki ulichonipa kiko pembeni, upande ule ule mteremko unakotokea, kutoka hapo sitaona kitu. Nipe hata cha nyuma kabisa juu kule, ilimradi kiwe katikati.

"Mama, kiti ni kiti. Bei ni ile ile." Halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nimeshahudumiwa vibaya mahali pengi na nikasahau kabla sijafika nyumbani. Hili sijalisahau. Yule ni mtu anayeuza viti vya ukumbi wa baleti, hiyo ndiyo kazi yake, na hajui, au hajali, kwamba kutoka viti vya pembeni sehemu kubwa ya jukwaa haipo. Angesema "samahani mama, najua, sina kingine," ningeondoka nimenuna lakini nimeelewa.

Muziki wa vivuli ulipoanza nikaegemea ukingo wa roshani mpaka kifua kikauma. Bibi wa nyuma yangu akaniomba nirudi kitini kwa sababu namziba, na alikuwa na haki. Nikarudi. Nilichobaki nacho ni pazia la pembeni na kipande cha sakafu, na mkono mmoja mmoja uliokuwa ukitokea nyuma ya pazia na kupotea. Huko katikati nilisikia ukumbi umenyamaza kwa namna unavyonyamaza mahali hapo tu, nikajua ninachokikosa. Wachezaji walianza kunifikia wakiwa tayari wako chini, ndoto imeshashuka bila mimi.

Wakati wa kutoka nikakutana ngazini na mzee wa kiti cha kushoto kwangu. Hilo ni jambo jingine la tiketi ya msimu ambalo hakuna anayelitangaza: jirani. Siku ile ile, viti vile vile, mwisho mnajuana. Mzee huyu hukunja kijitabu cha onyesho mara mbili na kukitia mfuko wa koti kabla taa hazijazimwa, kwa sababu hataki kushika kitu wachezaji wakiwa kazini. Naye alikuwa amehamishwa, upande wa pili. Yeye mteremko aliuona, ila safu zilipofika chini zikampotea. Tukasimama pale ngazini tukipeana nusu nusu, yeye ananieleza walivyotokea, mimi namweleza walivyosimama. Halafu akasema, "Binti yangu, mimi mwakani sihuishi. Umri wangu si wa kuhamishwahamishwa." Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Ya kwangu ningeyameza.

Niliandika malalamiko. Jibu lilikuja baada ya muda, linasema kwenye masharti pameandikwa kuwa mpangilio wa viti unaweza kubadilika, na limeambatana na kuponi ya kinywaji cha wakati wa mapumziko. Kinywaji! Masharti nimeyasoma upya na kweli kifungu kipo. Wewe unayefikiria kununua, kitafute hicho kabla hujatazama picha za wachezaji. Tafuta pia kinachosema majina ya wachezaji hayahakikishwi, maana hilo nalo lipo kila mahali: unalipia baleti ya Giselle bila kujua nani atacheza Giselle mwenyewe. Majina hutangazwa karibu na siku, na mtu akiumia hubadilishwa. Hilo silalamikii, miili ya watu ni miili ya watu. Kama unampenda mchezaji fulani tu, tiketi ya msimu si yako. Subiri majina, nunua moja moja.

Sasa niseme na upande wa pili, maana bila kuusema nitakuwa mwongo. Mapema msimu huo huo, kwenye tarehe zangu, palikuwa na usiku wa kazi fupi fupi zisizo na hadithi. Nisingenunua tiketi ile kwa hiari yangu. Mimi ni mtu wa hadithi, nataka Swan Lake na mwanamke mmoja anayecheza bata-maji mweupe na bata-maji mweusi. Nilienda kwa sababu ilishalipiwa. Ya kwanza ilikuwa Serenade ya mtunzi wa baleti George Balanchine, kwa muziki wa Tchaikovsky wa ala za nyuzi. Pazia likafunguka, wanawake 17 wamesimama wametulia, kila mmoja mkono wa kulia ameunyanyua, kiganja kimegeuzwa kama anakinga mwanga. Hakuna aliyecheza bado, na mimi tayari koo limekaza. Balanchine aliitunga mwaka 1934 kwa ajili ya wanafunzi, akipanga na idadi ya waliofika siku hiyo. Ndiyo maana ni 17, namba isiyogawanyika, na ameipanga ikakaa sawasawa kabisa. Kutoka kiti changu niliona kila mkono.

Usiku ule tiketi ya msimu ndiyo iliyonipa, kwa kunilazimisha. Anayenunua moja moja atarudia vile vile anavyovijua, kila mwisho wa mwaka Nutcracker, basi. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema haina thamani. Ina thamani. Kama baleti umeionja tu na hujui unapenda nini, nunua, nunua hata ya viti vya bei ndogo vya juu, ilimradi viwe katikati. Utakuta vitu ambavyo hungevichagua.

Lakini kila nikiandika hivyo nasikia ile sauti ya dirishani. Kiti ni kiti! Kama ni hivyo, waache kuniuzia kile kimoja kwa namba yake. Wauze haki ya kuingia mlangoni, na bei ifanane na hiyo.

Fomu ya kuhuisha imeshakuja na siku ya mwisho inakaribia. Nimewarudishia bila kulipa, pamoja na barua. Nataka maandishi kwamba kiti kikichukuliwa kwa kamera au kwa lolote nitaambiwa mapema, nitachagua mwenyewe kati ya tarehe nyingine na pesa yangu, na kwamba hayo hayo yatamhusu mzee wa kushoto kwangu, ambaye namba ya kiti chake nimeiandika chini ya yangu. Wakikubali, nalipa siku hiyo hiyo na nitampigia simu mzee ahuishe. Wakinitumia kuponi nyingine, msimu ujao nitanunua usiku mmoja mmoja, viti vya katikati, kwenye ukumbi mwingine.