Uzoefu wangu na hazina ya barua za Darwin kuhusu uchavushaji wa maua

Ninaipendekeza bila kusita, kwa walimu wa baiolojia na kwa wakulima wenzangu wa vanila, hazina ya barua za Charles Darwin iliyowekwa mtandaoni na Darwin Correspondence Project ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1974, ukakusanya takriban barua 15,000 alizoandika na alizoandikiwa, na kuzichapa pia katika juzuu 30. Kuzisoma mtandaoni hakuna malipo.

Mimi husoma zaidi barua za okidi, kwa kuwa vanila ni ya jamii hiyo. Huku Kagera ua la vanila huchavushwa kwa mkono, asubuhi ileile linapochanua, kwa kijiti kinachoinua kiwambo chembamba kilicho kati ya chavua na stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua. Tulifundishwa namna ya kukiinua. Kwa nini kipo, hatukuelezwa. Nilipofuatilia hoja ya Darwin kwa rafiki zake ndipo nilipoelewa: maumbile ya okidi nyingi huzuia ua lisijichavushe lenyewe, ili mdudu abebe chavua na kuipeleka kwenye ua jingine.

Mazungumzo yake na Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, ndiyo yaliyonivutia kuliko yote. Darwin alidhani kwamba mdudu huchavusha okidi ya Cypripedium kwa kupenyeza mrija wa mdomo wake katika matundu madogo ya ua. Gray, baada ya kuchunguza spishi za Marekani, akamwandikia kwamba hapo amekosea: wadudu wadogo huingia mzimamzima kwa mdomo mpana wa ua na kutokea kwenye matundu hayo. Darwin akajaribu kwa inzi, ikashindikana. Akatia nyuki mdogo sana, naye, kila alipotaka kurudi alikoingilia, alianguka chali kwa sababu kingo za ua zimekunjwa kwa ndani, hadi akajipenyeza katika tundu dogo na kutoka amepakaa chavua inayonata. Alimrudisha humo mara 5, na matokeo yakawa yaleyale. Jaribio hilo limo katika toleo la 1877 la kitabu chake cha okidi, lakini katika barua utaona jinsi watu wawili waliotenganishwa na bahari walivyosahihishana kwa heshima, na jambo hilo ningependa kila mwanafunzi alione.

Ipo pia barua ya Januari 1862 kwa Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko London, ambamo Darwin anastaajabia okidi ya Madagascar, Angraecum sesquipedale, yenye mrija wa mbochi (maji matamu ya ua) wa karibu sentimita 30, na kuuliza ni mdudu gani awezaye kuunyonya. Mwaka huohuo alitabiri kwamba yupo nondo mwenye mrija mrefu kiasi hicho. Nondo huyo wa Madagascar alielezwa kisayansi mwaka 1903, miaka 21 baada ya Darwin kufariki.

Barua nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha karne ya 19, kwa hiyo msomaji ajiandae kwenda polepole. Tanbihi za wahariri, zinazofafanua watu na mimea iliyotajwa, zitamsaidia sana. Ninashauri kutafuta kwa jina la kisayansi la mmea, na kuanza na barua za Hooker na Gray za miaka ya 1861 hadi 1863, kisha kuhamia zile za Fritz Müller, mtaalamu wa viumbe Mjerumani aliyeandika kutoka Brazili.