QGIS kwa mtafiti wa historia: Georeferencer ni kifaa kizuri, ila usiiamini sifuri yake

Anayetaka kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya ramani ya leo hana haja ya kununua programu. QGIS, programu ya kutengeneza na kuchambua ramani, ni huria, haina malipo, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na kifaa cha kazi hiyo, Georeferencer, kimo humo humo. Tangu toleo la 3.26 kinapatikana kwenye menyu ya Layer. Wanaofuata maelekezo ya zamani hukitafuta chini ya Raster, wakikikosa hudhani programu imeharibika.

Kazi yenyewe haina mengi: fungua picha ya ramani, bofya mahali panapotambulika, kisha andika longitudo na latitudo yake au uionyeshe kwenye ramani ya leo. Ugumu uko katika kuchagua mahali. Ngome, madaraja ya mawe, minara na njia panda kongwe hufaa. Kona za mito na fukwe hazifai, maana maji huhama, na baadaye hutajua kama aliyekosea ni mchoraji au ni mto uliobadili njia. Alama, yaani hayo mahali uliyobofya, zifike pembe zote nne. Zikirundikana katikati ya mji, kingo za ramani hupinda zitakavyo.

Kisha huja uteuzi wa hesabu ya kuilaza picha juu ya alama hizo, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika orodha ya QGIS, Polynomial 1, hesabu iliyo nyepesi kati ya tatu za jina hilo, inahitaji angalau alama 3, Polynomial 2 inahitaji 6, Polynomial 3 inahitaji 10. Ukiweka idadi hiyo ya chini kabisa, hesabu hupita katikati ya kila alama na jedwali huonyesha kosa (umbali kati ya mahali ulipoiweka alama na mahali hesabu inapoipeleka) la karibu sifuri, hata kama umebofya mji mwingine kabisa. Thin Plate Spline, hesabu nyingine katika orodha hiyo, ni laghai zaidi: huivuta picha kama mpira mpaka kila alama ikae pake, kwa hiyo sifuri yake haithibitishi chochote. Inafaa kwa karatasi iliyokunjamana au ramani iliyochorwa bila vipimo, lakini baada ya ukaguzi. Anza na Polynomial 1 yenye alama kama 12, tazama ipi ina kosa linalozidi wenzake, irekebishe au uifute, ndipo ubadili njia.

Kosa hilo huonyeshwa kwa pikseli, vidoti vinavyounda picha, na kuligeuza kuwa mita si kazi. Kwa ramani ya 1:50,000 iliyoskaniwa kwa dpi 300 (pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi), pikseli moja ni kama mita 4.2 ardhini. Pikseli 10 ni mita 42: kwa mpaka wa wilaya si neno, kwa mpaka wa kiwanja ni balaa.

Ukitumia mistari ya longitudo iliyochapwa kwenye ramani, soma kwanza inahesabiwa kutoka wapi. Ramani nyingi za kale za Kifaransa huanzia Paris, si Greenwich. Usipoongeza 2°20′14″ kwenye longitudo za mashariki, kila kitu kitasogea magharibi, kiasi cha kilomita 260 kwenye ikweta.

Faili la alama, lenye kiambishi .points, lihifadhi pamoja na picha asilia. Alama hufungwa kwenye pikseli, hivyo ukiipunguza au kuikata picha baadaye zote hupotea mahali pake.

Udhaifu unaomuudhi mwanahistoria uko kwenye muda. Temporal Controller, kifaa cha QGIS cha muda kilichoingia toleo la 3.14, huchezesha matabaka kwa mfuatano wa miaka vizuri sana, lakini hudai tarehe. “Takriban 1840” haiielewi. Kwenye jedwali la data tengeneza safu mbili, mwanzo na mwisho, na ya tatu ya kiwango cha uhakika. Data iweke kwenye faili la aina ya GeoPackage, kwani Shapefile, aina ya zamani, hukata majina ya safu yanayozidi herufi 10.

Kwa ramani moja tu ambayo maktaba imeshaiweka mtandaoni kwa mfumo wa IIIF (kanuni ya pamoja ya maktaba ya kuonyesha picha mtandaoni), tovuti ya Allmaps humaliza kazi ndani ya kivinjari bila kupakua picha. QGIS huanza kulipa pale unapotaka kuchora mipaka, kupima na kulinganisha ramani kadhaa za mahali pamoja.