Uzoefu wangu na seti ya bonsai ya mreteni: mti mzuri, waya mzuri, udongo wa kutupa

Seti hii ya bonsai, yaani ya kukuza mti mdogo chunguni na kuupa umbo, naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizopungua ni za udongo na za kijitabu cha maelekezo, maana hivyo viwili vinaweza kuua mti ambao umekufikia ukiwa mzima kabisa. Ndani ya boksi kuna mreteni (juniper) mdogo wa aina ya Juniperus procumbens 'Nana', bado umo kwenye kopo la plastiki la kitaluni. Kuna pia chungu cha mfinyanzi cha rangi ya kahawia chenye urefu wa sentimita 20, roli tatu za waya wa alumini (milimita 1, 1.5 na 2.5), mkasi, koleo la kukatia matawi, ndoana ya mizizi, vipande viwili vya wavu wa plastiki na mfuko wa udongo. Seti za namna hii zinauzwa kwa majina mengi na vilivyomo havipishani sana, kwa hiyo haya yatamfaa hata aliyenunua ya jina jingine.

Nianze na mti, kwa sababu ndio unaobeba thamani ya seti nzima. 'Nana' ni aina inayotambaa, ina majani mafupi ya sindano na matawi mengi yanayopindika bila ubishi. Inafaa sana kwa umbo la mti unaoning'inia upande mmoja wa chungu, na kwa shina la kupinda-pinda linalosimama. Kabla hujakata hata kijitawi kimoja, fukua udongo wa juu kwa kijiti, sentimita 2 hadi 3, mpaka uone mizizi mikubwa inapoachana na shina. Miti ya kitaluni huzikwa kina kuliko inavyopaswa, na mara nyingi sehemu nene na nzuri kuliko zote ya shina imo chini ya udongo. Ukichagua uso wa mti, yaani upande utakaotazamwa, kabla ya kuiona sehemu hiyo, unachagua gizani. Kama juu ya udongo kuna vijiwe vilivyogandishwa kwa gundi, vibandue siku hiyo hiyo; vinazuia maji kuingia na vinakuficha hali ya udongo.

Sasa kijitabu. Kinaelekeza ukate matawi, ufunge waya, upunguze mizizi na uhamishie mti chunguni, yote kwa mkao mmoja. Hapa ndipo mireteni mingi ya watu wanaoanza inapofia. Mreteni huweka sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye majani, na majani hayo ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Ukiondoa nusu ya majani unaudhoofisha. Ukiondoa na theluthi ya mizizi saa hiyo hiyo, hauna cha kujijengea tena. Ubaya zaidi, mti huu haunyauki mara moja. Unaweza kubaki kijani kwa wiki kadhaa wakati ndani umeshakufa, ndiyo maana mtu hulaumu maji ya juzi au jua la jana, ilhali chanzo ni mkasi wa mwezi uliopita. Ukiwa na shaka, kwangua gome kidogo sana kwa ukucha: chini yake pakiwa na kijani chenye unyevu, mti ungali hai, pakiwa pakavu na kahawia, tawi hilo limekwisha.

Utaratibu ninaoufuata ni huu: umbo kwanza, mti ukiwa kwenye kopo lake na mizizi yake yote. Kisha uachwe ukue msimu mzima. Kuhamisha chunguni kusubiri mwisho wa majira ya baridi yanayofuata, pale ncha zinapoanza kuvimba kabla ya kurefuka.

Kwenye kukata, mambo mawili hayana msamaha. La kwanza, mreteni hauchipui kwenye sehemu ya tawi iliyobaki bila jani. Tawi ukilikata hadi pasipo na kijani, tawi lote hufa. Kwa hiyo unapofupisha, kata mbele ya kijitawi chenye majani, upande wa ncha, usikate nyuma yake. La pili, usinyofoe ncha zote kwa vidole kama kijitabu kinavyosema. Ncha ndizo zinazovuta maji na kuchochea mizizi; ukizinyofoa zote mti unadhoofika, majani yaliyoguswa yanageuka kahawia kingoni, na kwenye mireteni ya majani ya magamba, kama ile inayoitwa shimpaku, mti hujibu kwa kurudi kwenye majani ya sindano ya utotoni. Acha machipukizi yarefuke, halafu kata kwa mkasi yale yaliyotoka nje ya umbo tu, pale yanapoanza kuwa ya kahawia na magumu. Ondoa vilivyokauka, vinavyoning'inia chini ya matawi, na vile vinavyojazana kwenye kwapa la tawi na shina. Matawi matatu au zaidi yakitokea sehemu moja, bakisha mawili, la sivyo shina litavimba hapo na uvimbe huo hautaondoka. Baada ya yote, angalau nusu ya kijani iwe imebaki. Mimi huacha zaidi ya nusu.

Waya wa seti hii ni mzuri kweli: laini mkononi, lakini ukishapinda unabaki ulipouacha. Kanuni ya unene ni theluthi ya unene wa tawi pale waya unapoanzia, kwa hiyo waya wa milimita 1 unalitosha tawi la milimita 3, na wa 2.5 unakaribia kulitosha tawi la milimita 8. Shina la mti huu lina kama milimita 12, na kwa hesabu hiyo linadai waya wa milimita 4, ambao haumo. Nyaya mbili za 2.5 zikilazwa sambamba, zikigusana bila kupishana, zinasaidia, ingawa hazifikii nguvu ya waya mmoja wa milimita 4. Choma ncha zake kwenye udongo nyuma ya shina hadi karibu na kitako cha kopo, ndipo uanze kuzizungusha kwenye shina kwenda juu. Kata waya urefu wa mara moja na nusu ya tawi, uzungushe kwa mshazari wa digrii 45. Ukizungusha kwa kubana-bana kama springi, hauna nguvu. Ukiachia mizunguko mbali mno, unateleza.

Tumia waya mmoja kwa matawi mawili ya unene unaolingana, na kati ya matawi hayo upite kwenye shina walau mzunguko mmoja na nusu. Bila hapo pa kushikilia, ukipinda tawi moja la pili linanyanyuka. Wakati wa kuzungusha, mkono mmoja ushikilie pale ulipotoka, mwingine usogeze waya huku kidole kikiinua vijitawi vidogo visibanwe chini yake. Kijitawi kilichobanwa kitakuwa kahawia, na mtu atadhani ni ugonjwa. Kupinda kufanywe na vidole gumba viwili vikiwa upande wa ndani wa kona, na waya uwe upande wa nje, maana ndipo nyuzi za mti zinapovutwa na kupasuka. Pinda kidogo, tulia, pinda tena. Ukisikia mlio wa kupasuka, simama hapo hapo. Usilirudishe tawi lilipokuwa. Lishikilie lilivyo, ziba ufa kwa dawa ya vidonda vya miti, na kama nusu ya unene haijaachana, kwa kawaida litaunga.

Waya unakaa mpaka tawi lishike umbo, na kwa mreteni hilo huchukua miezi mingi. Lakini msimu wa kukua ukianza, kagua kila wiki. Gome likianza kuvimba pembeni mwa waya, toa, hata kama tawi halijakubali. Utafunga upya sehemu nyingine. Ukitoa, kata kipande kipande kwenye kila mzunguko. Kuuzungusha kinyume ili uutumie tena kunavunja vijitawi na kuchubua gome. Kwa kazi hii seti haina koleo la kukatia waya, na hilo ni pungufu. Usitumie lile la kukatia matawi: meno yake yamebonyea ndani ili kidonda kibaki na kishimo na gome lifunge bila kuacha nundu, na waya unayang'oa makali kwa siku moja. Koleo dogo la fundi umeme linatosha.

Udongo wa mfukoni ni pitimosi nyeusi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza) iliyochanganywa na mchanga laini. Ukilowa unashika maji kwa siku nyingi. Ukikauka kabisa, maji yanateleza juu yake na kutoka kwenye matundu bila kulowesha chochote. Kwenye kopo refu mti huvumilia. Kwenye chungu kifupi hauvumilii, na sababu yake ni ya kimaumbile tu: kila udongo hubakiza chini tabaka lililojaa maji ambalo halimwagiki kwa uzito wake, na kadiri chembe zilivyo ndogo ndivyo tabaka hilo linavyokuwa nene. Chungu cha kina cha sentimita 5 kikijazwa udongo laini, karibu chote kinakuwa tabaka hilo. Mizizi inakosa hewa, inaoza. Kuweka kokoto chini hakusaidii, kwa kuwa tabaka linahamia juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi.

Kinachofaa ni chembe ngumu za milimita 2 hadi 5: akadama (udongo wa mfinyanzi wa Japani uliokaushwa), pumisi, lile jiwe jepesi lenye matundu, na lava iliyopondwa, kwa mafungu sawa. Akadama ikikosekana, mafungu mawili ya pumisi, moja la lava na moja la magome ya msonobari yaliyopondwa yanafanya kazi vizuri. Chekecha kila kimoja, na kinachopita kwenye wavu wa milimita 2 usikitie chunguni. Vumbi hilo likibaki linashuka na maji na kuziba chini, na utakuwa umenunua mchanganyiko mzuri ukaugeuza kuwa tope.

Chungu chenyewe hakina kasoro. Hakijapakwa rangi ya kung'aa, jambo linaloupendeza mreteni, kina matundu mawili makubwa ya maji na manne madogo ya kupitishia waya. Kipime hivi kabla ya kukitumia: kiweke mezani palipo sawa, mimina maji, uangalie. Dimbwi likibaki kwenye kona, kitako hakiko sawa ndani, na mizizi ya kona hiyo itakaa majini daima. Changu kilitoa yote.

Siku ya kuhamisha, funika matundu kwa wavu na uushikize kwa kipande cha waya. Pitisha waya wa milimita 1.5 kutoka chini, ncha zikiwa juu. Weka kichuguu cha mchanganyiko. Toa mti, chambua mizizi kwa ndoana kuanzia nje kuelekea ndani, na ukate theluthi ya chini. Usioshe mizizi yote ikabaki mitupu. Mreteni unaishi na kuvu rafiki kwenye mizizi yake, na donge la udongo wa zamani chini ya shina linapaswa kubaki kwa mara hii. Utalishughulikia utakapohamisha tena baada ya miaka miwili au mitatu. Ukalishe mti juu ya kichuguu, nje kidogo ya katikati, uuzungushe kulia na kushoto mpaka utulie. Kaza waya juu ya donge la mizizi. Ukisukuma shina kwa kidole, chungu kisogee nao, mti usicheze peke yake. Ukicheza, ncha mpya za mizizi zitakatika kila upepo ukivuma. Jaza mchanganyiko na uuingize kati ya mizizi kwa kijiti, kwa mwendo wa kuzungusha badala ya kudunga. Acha nusu sentimita chini ya ukingo, umwagilie mpaka maji yanayotoka chini yawe safi.

Wiki tatu au nne za kwanza, weka mti penye kivuli chepesi pasipo upepo. Mbolea isubiri wiki sita. Na picha ya boksi, mti ukiwa juu ya dawati ndani ya nyumba, inapotosha: mreteni ni mti wa nje mwaka mzima, unahitaji jua la saa nyingi na majira ya baridi ya kupumzikia. Ndani ya nyumba unakwisha polepole.

Kumwagilia hakuna ratiba. Ingiza kidole sentimita 1 au 2. Pakianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri kidogo, rudia. Kunyunyizia majani si kumwagilia. Angalia sana lile donge la zamani, kwa sababu linaweza kuwa kavu kabisa huku chembe mpya zinazolizunguka zimelowa. Litoboe kwa kijiti sehemu kadhaa, na likikataa maji, tumbukiza chungu kwenye beseni hadi ukingoni kwa dakika kumi.

Majani yakipoteza mng'ao na kuwa ya kijivujivu huku udongo una unyevu wa kutosha, usikimbilie mbolea. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge, utazame: vidoa vidogo vinavyotembea ni utitiri. Nyunyiza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, kwa kurudia-rudia kila baada ya siku chache, ukiziba udongo kwa kitambaa usimomonyoke, hadi karatasi itoke safi.