Salalah wakati wa kusi: chakula, umati na wiki ya kwenda

Ikifika Juni na kusi ikaanza kuvuma kweli, mchanga wa Shela unaruka, mashua nyingi zimefungwa gatini, na wenye akiba ya safari hapa Lamu huanza kuulizana waende wapi ng'ambo. Majibu huwa matatu: Unguja, Dubai au Istanbul. Mimi naweka la nne, Salalah, mji wa Dhofar kusini mwa Omani. Nauweka mbele ya yote matatu kwa sharti moja: usiende mwisho wa Julai wala nusu ya kwanza ya Agosti.

Hayo matatu niyapitie upesi. Unguja Julai na Agosti ndio msimu wa wageni, Forodhani jioni ni bega kwa bega, na ukitoa urojo hakuna mengi mezani ambayo mtu wa Lamu hajayala kwao. Dubai miezi hiyo joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo likizo yako itakuwa ndani ya maduka. Istanbul chakula ni kizuri na halali hupati taabu kuitafuta, lakini Sultanahmet wakati huo ni foleni juu ya foleni, na tangu Januari 2024 mgeni wa kutazama Hagia Sophia hulipa yuro 25. Kwa familia ya watu watano, hesabu hiyo inauma.

Salalah inapewa neema na upepo huu huu unaotutesa sisi. Kusi ikishavuka ikweta hupinda kuelekea kaskazini-mashariki, na kwenye pwani ya Dhofar hukutana na maji ya bahari yaliyopoa, kwa kuwa maji baridi ya kina kirefu huibuka juu. Unyevu unageuka ukungu, ukungu unakwama kwenye milima iliyo nyuma ya mji, na jangwa linavaa majani. Wenyewe wanauita msimu huo khareef. Joto hucheza kati ya nyuzi 22 na 27 wakati Maskati wanaungua. Manyunyu ni mepesi, lakini nguo ulizofua hazikauki, na asubuhi utataka sweta.

Kwenye kalenda msimu huanza 21 Juni na kumalizika karibu 20 Septemba, ila siku hizo hazifanani hata kidogo. Wiki tatu za mwanzo milima bado ina rangi ya vumbi na chemchemi kama Ayn Athum haijaanza kumwaga maji. Kufika mwisho wa Julai kijani kimekamilika, na hapo Ghuba yote inashuka: shule zimefungwa, familia zinakuja kwa magari kutoka Imarati, Saudia na Kuwait, na Waomani wenyewe wanaendesha kama kilomita 1,000 kutoka Maskati. Nyumba za kupanga kwa siku hupanda bei mara mbili na zaidi. Mwisho wa Agosti shule zao zinakaribia kufunguliwa, magari yanageuza, bei zinaporomoka, na milima ingali kijani. Maji ya chemchemi huwa ndiyo kwanza yamekolea. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza za Septemba ndizo ninazozipigia debe. Zikipita hizo, ukungu unafunguka, jua linarudi na majani yanaanza kunyauka.

Mwenye watoto shuleni amefungwa na likizo ya Agosti, nalijua hilo. Basi achukue siku za mwisho wa likizo, na ziara zake azipange Jumapili hadi Jumatano, kwa sababu mapumziko ya wiki kule ni Ijumaa na Jumamosi. Saa nazo zina maana kubwa. Wageni wa Ghuba hukesha, huamka karibu adhuhuri, na huanza kutoka alasiri. Bonde la Wadi Darbat, kama kilomita 40 mashariki ya mji, ukiwa pale kabla ya saa mbili asubuhi utalikuta na ngamia na ng'ombe wanaokula majani, watu wachache tu. Bonde hilo hilo saa kumi jioni magari yamepangana kando ya maji na moshi wa mkaa umetanda.

Sasa chakula, na hapa ndipo umati unapoharibu zaidi ya unavyodhani.

Chakula cha kufuatwa Salalah ni madhbi, nyama ya kuchomwa juu ya mawe. Vibanda vyake vimejaa barabara ya Ittin, panapoanza mlima. Mawe laini ya mviringo hupangwa juu ya moto mpaka yawake joto. Nyama ya mbuzi au ya ngamia, iliyopakwa chumvi pekee, hutandazwa juu ya mawe yenyewe, si juu ya wavu. Mafuta yanachuruzika katikati ya mawe, moshi unarudi juu, na nyama inaiva kwa joto la jiwe bila kuguswa na mwali. Ikitoka vizuri huwa kahawia na kavu kidogo nje, ndani ina maji yake. Huletwa na wali mweupe na pilipili ya kusaga.

Tatizo la usiku wa Agosti ni hili: oda zikizidi, mchomaji hujaza nyama nyingi kwa mara moja. Jiwe linapoteza joto, nyama inatoa maji kuliko jiwe linavyoweza kuyakausha, na badala ya kuchomeka inachemka. Unaletewa kitu cha kijivu, kigumu, baada ya kusubiri saa nzima kwenye baridi. Wengi hurudi wakisema madhbi haina lolote, kumbe walikula saa nne usiku Ijumaa. Nenda baina ya alasiri na magharibi, mawe yakiwa yamekwisha kushika moto na wateja hawajafika. Itazame sehemu ya kuchomea kabla ya kuagiza: ukiona maji yanatokota juu ya mawe, songa kibanda kinachofuata. Na kama hujazoea nyama ya ngamia, agiza kidogo kwanza, maana ile ya mnyama mzee hutafunwa mpaka taya zikachoka. Ya mbuzi haina shida.

Mishkaki ipo kila kona na utaijua, ila kule huliwa na mchuzi wa ukwaju, na huo mchuzi ni mzuri kweli. Migahawa ya Kiyemeni inapika mandi ya kutegemewa, wali na nyama iliyoivia ndani ya tanuri la chini, na ndiyo mahali pa kupeleka wazee na watoto. Asubuhi tafuta vijikahawa vya Wahindi: chapati ya mafuta na chai ya maziwa ya karak, kikombe kidogo kwa baisa 100 hadi 200. Riyali moja ina baisa 1,000 na thamani yake imefungwa na dola, kama dola 2.60 kwa riyali, kwa hiyo bei haikuchezi shere kutoka wiki hadi wiki.

Samaki usiifanye sababu ya safari. Khareef huchafua bahari kuliko ilivyo kwetu, na mashua ndogo hazitoki ovyo. Anayetaka samaki wa kupaka abaki Lamu. Utakachokiona kwa wingi ni dagaa waliokaushwa, na hao ni chakula cha ng'ombe na ngamia. Ibn Battuta, aliyefika Dhofar kwa merikebu kutoka Kilwa karibu mwaka 1331, aliyaandika haya haya: mifugo inalishwa dagaa, na minazi na tambuu zimestawi. Minazi ingalipo mpaka leo. Karibu na Haffa, mtaa wa Salalah ulio pwani, kando ya mashamba, vibanda vinauza madafu, ndizi fupi tamu na mapapai, na hapo mtu wa pwani hujihisi yuko kwao. Lakini wali wa nazi hutaupata kirahisi kwenye migahawa ya kawaida. Nazi ni ya kunywa zaidi. Halua yao nayo ni laini kuliko yetu, ina zafarani na hiliki. Onja kabla ya kununua, muuzaji hakatai.

Kutembea kwenyewe kunahitaji gari, kwa sababu vivutio vimetawanyika na usafiri wa umma hauendi mabondeni. Omani wanaendesha upande wa kulia. Kwa wengi wetu wa kisiwani, ambao usafiri ni punda na mashua, ni bora kukodi gari pamoja na dereva wa kule kwa siku na kupatana bei na saa kabla ya kuondoka. Gari dogo la kawaida linatosha, lami imefika Darbat, Mughsayl, Mirbat na hata kaburi la Nabii Ayubu mlimani. Hatari ni ukungu. Juu ya mlima unaweza usione zaidi ya mita chache mbele, na ngamia hawana taa. Dereva asitoke kwenye lami kufuata picha nzuri. Udongo ule ukilowa huteleza na gari hunasa.

Kuogelea sahau kabisa. Mughsayl, kilomita kama 40 magharibi, ni pazuri mno kwa macho, maji yanarushwa juu kupitia matundu ya mwamba, lakini Julai 2022 wimbi liliwazoa watu waliovuka uzio na wengine hawakurudi. Kaa nyuma ya uzio, na mtoto mshike mkono.

Kwa watu wa Lamu kuna ziara moja ambayo nashangaa haitajwi zaidi. Mirbat, kama kilomita 70 mashariki, ndiko alikozikwa Muhammad bin Ali, Sahib Mirbat, anayekutanisha nasaba za masharifu wa Ba Alawi. Ukoo wa Jamalilail, wa Habib Swaleh aliyeasisi msikiti wa Riyadha hapa Lamu, unapanda mpaka kwake. Kaburi lake jeupe lenye kuba mbili liko makaburini nje kidogo ya mji. Nenda asubuhi, vaa kama unavyovaa kwenda Riyadha, kisha rudi kwa njia ya Taqah na magofu ya Sumhuram, bandari ya kale.

Ubani nunua soko la Haffa. Ulio bora, unaoitwa hojari, ni mweupe unaoelekea kijani, unapitisha mwanga ukiuinua juu. Wa kahawia ni wa bei ya chini, na usiuziwe kwa bei ya hojari. Kiswahili kitakusaidia Maskati, ambako Waomani wengi wenye asili ya Unguja na mwambao wanakizungumza. Salalah usikitegemee, wenyeji wanasema Kiarabu na Kijibali.

Njia iliyo nyepesi kwetu ni kuanzia Mombasa kupitia Dubai hadi Salalah. Flydubai wamekuwa wakiruka Mombasa tangu Januari 2024, na Salalah pia wanafika. Chukua tikiti moja ya safari nzima. Ukinunua mbili mbalimbali ili uokoe pesa, mizigo itashukia Dubai na hutaweza kuitoa bila viza ya Imarati. Viza ya Omani huombwa kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Omani. Ipate kwanza, ndipo ulipe tikiti. Kutoka Mokowe, gati la bara mkabala na Lamu, usipange kuunganisha basi na ndege siku moja, kwa sababu ukaguzi wa njiani hauna saa. Lala Mombasa. Anayepitia Nairobi akumbuke kwamba ndege nyingi za Manda, uwanja wetu wa Lamu, hushukia uwanja mdogo wa Wilson, na uwanja wa kimataifa uko kwingine, na foleni katikati.

M-Pesa haifiki kule. Beba dola safi zisizochanika, ubadilishe kidogo kidogo, kwa sababu madafu na mishkaki hulipiwa taslimu hata kama nyumba na petroli zinakubali kadi. Na miraa isiingie kwenye begi, hata kijiti kilichosahaulika mfukoni. Kule Omani miraa ni dawa ya kulevya kisheria na hakuna atakayekusikiliza uwanjani.

Limebaki suala la Maulidi. Kwa hesabu ya mwezi, Mfungo Sita wa 2026 unaanza katikati ya Agosti na kwisha katika Septemba, na Maulidi ya Lamu huwa mwishoni mwa mwezi huo, kwa hiyo yanagongana na wiki nilizozisifu. Mwaka huo anayetaka vyote viwili aende Salalah siku za mwisho za Agosti, awe amerudi kabla ya mashindano ya punda ya Maulidi. Mwaka 2027 mwezi unatangulia kama siku kumi na moja, Maulidi yatakuwa mwisho wa Agosti, na Septemba yote itakuwa wazi. Chumba kwa Septemba hakina haja ya kulipiwa miezi mbele. Weka nafasi inayoruhusu kufutwa, kisha itazame bei tena wiki ya mwisho ya Agosti, kwani mara nyingi huwa imeshuka.