Uchambuzi: Kipimo cha Chumvi cha Kuchungulia kwa Wafugaji wa Matumbawe

Ndugu watazamaji, karibuni tena kutoka Kirumba, Mwanza. Kifaa cha leo nimekipenda mno: ni rifraktomita, yaani kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho. Umbo na uzito wake navipita, maana wengi wenu mnavijua.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tumezungukwa na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hivyo bahari ya ndani ya tangi tunaitengeneza wenyewe kwa chumvi maalumu. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki palepale na ukali wake hupanda pasipo dalili yoyote, ilhali tumbawe, ambalo hujenga mifupa yake ya chokaa kwa miaka mingi, hutaka kiwango kisichoyumba, takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji.

Tazameni kwa karibu. Ninatonesha matone mawili juu ya kioo, ninakifunika taratibu ili kisibaki kiputo cha hewa, kisha ninasubiri nusu dakika tone lilingane joto na kifaa. Sasa ninakielekeza dirishani: juu ni buluu, chini ni nyeupe, na mpaka wake umenyooka kama upeo wa ziwa kulipokucha, sawasawa kwenye 35. Huu mstari ndio unaonifurahisha! Kile kipimo cha plastiki chenye mshale sikirudii kamwe, kwa kuwa viputo vikinata kwenye mshale huuinua, nawe ukadhani chumvi imezidi.

Kinachonikera ni karatasi ya maelezo, inayoagiza kifaa kirekebishwe kwa maji safi yasiyo na chumvi pekee. Mistari ya vipimo vingi vya bei nafuu imechorwa kwa kufuata maji yenye chumvi ya kawaida ya mezani, si maji ya bahari, kwa hiyo maji ya bahari yenye 35 husomeka karibu 36.5. Nunueni kichupa cha maji ya kurekebishia yenye 35, mtoneshe, kisha mzungushe skrubu hii ndogo kwa bisibisi mpaka mstari ukae kwenye 35. Kichupa huuzwa kando, basi kihesabuni ndani ya bei. Hata hivyo, gharama yote bado ni ndogo kuliko ya kipimo cha elektroniki, ambacho nacho hudai betri na marekebisho.

Mkimaliza kupima, kifuteni kioo kwa maji baridi na kitambaa laini kabla chumvi haijakaukia. Video ijayo, kama wengi mlivyoomba, itahusu kuchuja maji ya bomba kabla ya kuongeza kwenye tangi.