Chupa Tano za Kosheri kwa Sabato Moja ya Desemba: Uzoefu Wangu

Nianze na hukumu, maana najua msomaji anataka kujua hela iende wapi. Kwa Sabato ya Kiyahudi ya watu wazima sita, inayoanza Ijumaa jioni na kuisha Jumamosi usiku, nilinunua divai nne na juisi moja ya zabibu, zote za kosheri, yaani zinazokubalika kwa sheria ya Kiyahudi ya chakula. Iliyonipendeza kuliko zote ni Peraj Ha'abib ya Capçanes, kutoka Hispania. Iliyonifaa kuliko zote ni Baron Herzog Zinfandel, ya California, na bei yake haifiki hata nusu ya ile ya kwanza. Kupendeza na kufaa havikukutana kwenye chupa moja, na sababu ni neno moja lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo ya nyuma: mevushal. Usipolisoma kabla ya kulipa, unaweza kununua divai nzuri kabisa na bado ukakwama mezani.

Mevushal ni Kiebrania, maana yake "iliyochemshwa". Divai ya kosheri, tangu zabibu zinapopondwa mpaka chupa inapozibwa, hushikwa na Wayahudi wanaotunza Sabato tu. Na sheria haiishii kiwandani. Chupa ambayo haikuchemshwa ikishafunguliwa, kisha ikamiminwa na mtu asiye Myahudi, mwenye kushika sheria hawezi kuinywa tena. Katazo hilo lina asili ya kale, enzi ambazo watu walimwaga divai mbele ya sanamu kama sadaka, na marabi wakaizungushia divai yao ua. Iliyochemshwa ikaachwa nje ya ua huo, kwani, kwa mujibu wa baadhi yao, divai ya namna hiyo haikufaa madhabahuni hata kidogo.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa msomaji wa Kiswahili aliyeko New Jersey au Brooklyn, awe anamlea mzee wa Kiyahudi, anahudumu kwenye karamu, au amealikwa tu na jirani. Ukiwa mgeni, peleka chupa ambayo haijafunguliwa, mkabidhi mwenyeji, na muache afungue na kumimina mwenyewe. Ikiwa ni mevushal, yeyote anaweza kumimina. Ukiwa unahudumia meza, usiinue chupa iliyo wazi ili tu ufute kitambaa chini yake kabla hujajua ni ya aina gani. Chupa ya dola 60 inaweza kuharibika kwa nia njema namna hiyo, na mwenyeji atasita kukwambia. Wapo pia wenyeji ambao hawaikubali mevushal ya kisasa kwa sababu joto lake hawalioni la kutosha. Uliza mapema. Swali hilo halimuudhi mtu, kinyume chake linamwonyesha kwamba unaijua meza yake.

Je, kuchemsha kunaharibu ladha? Zamani, ndiyo, sana. Siku hizi divai hupitishwa kwenye mabomba ya moto kwa muda mfupi mno, joto likifika nyuzi 80 hivi za Selsiasi au kupita, kisha inapozwa papo hapo. Ikifanywa vizuri, ukiwa umefungua sasa hivi hutaona tofauti kubwa. Mimi tofauti naiona baadaye: nyekundu iliyochemshwa ikikaa wazi saa mbili au tatu, harufu ya tunda bichi inapungua na inabaki ya tunda lililopikwa, kama jemu ya plamu. Kwa hiyo nyekundu ya mevushal naifungua karibu na chakula na kuimaliza, siiachi ipate hewa nusu siku kama ambavyo ningefanya na nyingine.

Sasa chupa zenyewe. Peraj Ha'abib inatoka Capçanes, kijiji cha eneo la Montsant huko Katalunya. Ushirika wa wakulima wa pale ulianza kutengeneza divai ya kosheri mwaka 1995 kwa ombi la Wayahudi wa Barcelona, na jina lake lina maana ya ua la majira ya kuchipua. Imechanganywa zabibu za aina tatu: Garnacha, Cariñena na Cabernet Sauvignon. Haikuchemshwa. Ni nzito, nyeusi karibu na rangi ya zambarau, na tanini zake, yaani ule ukakasi wa divai nyekundu, hushika ulimi hadi zikutane na mafuta ya nyama. Kwa kidari cha ng'ombe kilichookwa polepole Ijumaa usiku haina mpinzani kati ya hizi. Ila ikitoka tu kwenye chupa harufu na ladha yake imejifunga: inataka saa mbili kwenye jagi la kioo, na ina mashapo. Isimamishe wima tangu Alhamisi. Ijumaa, kabla jua halijazama, imimine taratibu huku ukitazama shingo ya chupa dhidi ya mwanga, na usimame pale utepe wa mashapo unapofika shingoni. Usipange kuichuja Sabato ikishaingia, kwani kuchambua kilicho kibaya kutoka kwenye kizuri ni kazi mojawapo iliyokatazwa siku hiyo.

Baron Herzog Zinfandel, ile ya mizabibu mikongwe ya Lodi, ni mevushal, kama zilivyo divai zote za Baron Herzog. Bei yake ni chini ya dola 20. Ukiinywa peke yake utaona utamu wa tunda umezidi na mwisho wake ni mfupi. Basi usiinywe peke yake. Hii ni divai ya cholenti: nyama, maharage, shayiri na viazi vilivyowekwa motoni Ijumaa mchana na kuachwa vichemke polepole usiku kucha hadi mchana wa Jumamosi. Chungu kikifunuliwa kinatoa harufu ya moshi na paprika, na mchuzi umeganda kama uji mzito. Divai ya gharama yenye tanini nyingi inageuka chungu mbele ya chakula hicho, nayo nyeupe inapotea kabisa. Zinfandel inasimama, kwa sababu utamu wake wa beri unakutana na chumvi na mafuta bila kugombana. Mezani kulikuwa na mlezi asiye Myahudi, na yeye ndiye aliyekuwa akimimina. Hakuna aliyelazimika kumkatiza. Hiyo ndiyo maana yangu ya kufaa.

Baron Herzog Chenin Blanc, ya Clarksburg, California, ina utamu kidogo na uchachu wa tufaha, na nusu yake iliondoka Ijumaa pamoja na samaki wa kusaga wanaoliwa baridi kabla ya supu. Nusu ya pili nilitaka ifike chakula cha tatu, yaani mlo wa mwisho wa Sabato, Jumamosi alasiri, kwenye heringi na saladi. Kuirudishia kizibo chupa iliyobaki nusu hakutoshi, hewa inaila na kesho yake imepooza. Nilichofanya ni hiki: Ijumaa mchana, mara baada ya kufungua, nilijaza chupa safi ya mililita 375 hadi juu kabisa, nikaifunga kwa kifuniko ambacho kilishawahi kufunguliwa, nikaiweka kwenye friji. Saa 24 baadaye ilikuwa karibu kama mpya. Njia hii inashinda vifaa vyote vya kunyonya hewa nilivyowahi kununua.

Bartenura Moscato ni ile chupa ya buluu ya Italia ambayo hata wasiojua kosheri wanaifahamu. Kilevi chake ni asilimia 5, ina mapovu madogo, ni tamu, na ni mevushal. Inafaa kwa kitindamlo na matunda, ikiwa baridi ya nyuzi 6 hadi 8. Ikipata joto la chumba inakuwa sharubati. Sina zaidi ya hayo.

Na juisi ya zabibu ya Kedem. Msiidharau. Juisi ya zabibu inakubalika kwa Kidushi, yaani baraka inayosomwa juu ya kikombe kabla ya chakula, kwa hiyo mtoto, mgonjwa, au yeyote asiyekunywa pombe anashiriki kikamilifu. Inatengenezwa kwa zabibu aina ya Concord, na utamu wake ni mkali.

Kuhusu kiasi: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Kikombe cha Kidushi sharti kibebe angalau kipimo kiitwacho reviit, ambacho kwa hesabu ya Rabi Chaim Naeh ni mililita 86, na kwa hesabu kali ya rabi mwingine, Chazon Ish, ni kama 150. Nunua kikombe cha 150 na umemaliza mjadala. Kinajazwa hadi ukingoni, na anayesoma anakunywa zaidi ya nusu ya kipimo hicho. Angalizo: divai iliyokwisha kuonjwa kwenye kikombe inahesabiwa ina dosari, haifai kusomewa Kidushi hadi iongezwe divai isiyoguswa. Kwa hiyo usionje kutoka kwenye kikombe hicho "kuhakikisha iko sawa". Onja kwenye glasi nyingine. Kwa watu sita chupa hizi tano zilitosha, lakini ikiwa wageni wako ni wanywaji, ongeza Zinfandel ya pili, si Capçanes ya pili.

Muda ndio unaowaponza wengi. Eneo la New York, Desemba, jua linazama kama saa 10:30 jioni, na mishumaa ya kuipokea Sabato huwashwa dakika 18 kabla. Kila kitu kinachohusu kufungua kiwe kimekwisha saa 9 alasiri. Kizibo cha gome unaweza kukitoa hata siku ya Sabato kwa kizibuo cha mkono, cha umeme hapana. Tatizo ni kifuniko cha bati cha kuzungusha: ukikifungua mara ya kwanza kinakatika na kuacha pete shingoni, na marabi wengi wanaona hapo umetengeneza chombo kipya. Zungusha vifuniko vyote Ijumaa, usikie mlio wa kukatika, kisha uvirudishe. Kata pia karatasi ya bati inayofunika kizibo, maana wapo wanaokwepa kuchana maandishi. Zima taa ya ndani ya friji au legeza balbu yake, maana kufungua mlango na kuiwasha Sabato hakuruhusiwi, la sivyo Moscato yako itafungiwa humo hadi Jumamosi usiku. Nyekundu zitoke kwenye baridi mapema ili zinywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18.

Kuna na hili la vipande vya kizibo. Kizibo kikimeguka na chembe ikaelea kwenye glasi siku ya Sabato, usiitoe peke yake kwa ncha ya kidole. Itoe kwa kijiko pamoja na divai kidogo iliyoizunguka, ndipo inahesabika umeondoa kinywaji na si umechambua uchafu. Divai nyekundu ikimwagika kwenye kitambaa cheupe, mkono utataka kukimbilia maji na chumvi. Hapana, huko ni kufua. Weka karatasi za mezani juu yake zinyonye zenyewe, bila kukandamiza wala kukamua, na doa lisubiri Jumamosi usiku. Glasi nazo zihesabu: unaweza kuosha zile zitakazohitajika siku hiyohiyo tu, hivyo watu sita wanataka glasi 12 ili asubuhi isikukute na sinki lililojaa.

Anayenunua divai ya Israeli aangalie mwaka wa mavuno. Kila mwaka wa saba ardhi hupumzishwa, na zabibu za mavuno ya 2022 zinaangukia mwaka huo. Baadhi ya chupa za mwaka huo zina utakatifu wa mwaka wa saba na haziruhusiwi kumwagwa ovyo. Hilo lina uzito Jumamosi jioni, kwenye Havdala, baraka ya kuiaga Sabato, kwa sababu desturi ya wengi ni kujaza kikombe mpaka kifurike kwenye kisahani na kuuzimia mshumaa uliosukwa kwenye hiyo divai iliyomwagika. Kwa Havdala mimi nilitumia Kedem: ni rahisi, haihitaji kufunguliwa kwa hesabu, na watoto walikuwa wanaisubiri. Kisahani kiwe kipana, chenye ukingo wa sentimita 2 hivi, kwani kile bapa kilipeleka juisi moja kwa moja kwenye kitambaa, na juisi ya Concord ikishakauka haitoki.