Uchambuzi wa CH32V003: chipu ya senti 10, na pale ATtiny85 inapoishinda

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Sogeeni karibu na kioo, maana bidhaa ya leo haionekani. Hapa juu ya ukucha wangu... subirini kamera ishike. Haya. Kidude hicho cheusi chenye miguu minane ni kompyuta. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina saa yake ya ndani, na unaipakia programu yako.

Inaitwa CH32V003, inatengenezwa na WCH wa Nanjing, China. Kama jina hilo ni geni kwako, chukua bodi yako ya kujifunzia elektroniki ya Arduino Nano, zile za kunakili za bei ya chini, igeuze. Chipu iliyo upande wa chini mara nyingi imeandikwa CH340. Ni ya haohao. Umekaa nao miaka bila kutambulishwa.

Ilipoanza kuzungumzwa mwaka 2022 gumzo lote lilikuwa bei: chini ya senti 10 za dola kwa anayenunua kwa wingi. Hiyo ni kama shilingi 13 za Kenya, au shilingi 250 hivi za Tanzania, yaani pipi tu. Sisi wa mezani hatununui maelfu, kwa hiyo tunalipa zaidi kidogo, na nauli ya kifurushi huweza kuzidi bei ya chipu zenyewe. Usiagize moja. Changeni watu watatu wanne, muagize 50 mgawane.

Sasa tuilinganishe na kitu mnachokijua. Arduino Uno ya kawaida, yenye chipu ya ATmega328P, ina flashi (pa kuhifadhi programu) ya kilobaiti 32, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kilobaiti 2, na inakimbia megahezi 16. Hii ina flashi kilobaiti 16, RAM kilobaiti 2 zilezile, na inakimbia megahezi 48. Ina njia za kusoma volti za sensa kwa biti 10, sawa na Uno. Njia za kuzungumza na vifaa vingine, I2C na siriali, zipo. Hayo nayapita haraka, maana kila chipu siku hizi inayo.

Mbona rahisi hivyo? Sehemu ya jibu ni RISC-V, lugha ya ndani ya prosesa iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ambayo kiwanda chochote kinaweza kuitumia bila kulipia leseni. Sehemu nyingine ni kwamba WCH wamepunguza kila kilichopunguzika. Rejista, vile visanduku vya ndani ambamo prosesa inashikilia namba za hesabu, ni 16 badala ya 32 za kawaida. Kizidishi hakimo, ukiandika 7 mara 9, prosesa inaihesabu kwa kujumlisha na kusogeza biti. Kwa kuwasha pampu hutagundua chochote. Kwa kuchakata sauti utagundua mapema sana.

Ila mimi hainivutii kwa kasi. Jamani, nani hapa hajawahi kubomoa mradi uliokuwa unafanya kazi vizuri kwa sababu anaitaka Arduino yake? Bodi moja inazunguka: leo kiatamizi cha mayai, kesho kengele ya mlango, na mwisho wa mwaka huna kiatamizi wala kengele. Chipu ya bei hii unaichomea mle ndani, unafunga kasha, na hurudi kuidai. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na ndiyo maana siilinganishi na Uno kama bodi ya kujifunzia.

Tazameni hii niliyoijenga kwa ajili ya simtanki. Swichi mbili za boya, moja juu na moja chini, kingʼora kidogo, na chipu. Tangi likijaa inalia, maji yakishuka inalia kwa mlio mwingine. Umeme unatoka kwenye chaja ya simu ya zamani, moja kwa moja, kwa sababu chipu inakubali kuanzia volti 2.7 hadi 5.5. Kristali ya nje ya kuipigia mdundo haihitajiki, ina osileta (kipiga mdundo) ya ndani ya megahezi 24 ambayo yenyewe inaizidisha kufika 48. Nilichoongeza ni kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme, msiiruke hiyo, na rezista za kiloomu 10 kwenye nyaya za boya. Nyaya ndefu zinazopanda juu ya paa hunasa kila kelele ya umeme, kwa hiyo programu inasoma swichi mara kadhaa kabla ya kuamini. Pampu sijaigusa. Ukitaka iwashe pampu utahitaji rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na transista ya kuisukuma, na hapo tayari unachezea umeme wa volti 230. Mwite fundi umeme.

Tuje kwenye kero.

Hii haina USB. Huwezi kuchomeka kebo ukapakia. Unahitaji kifaa cha kupakilia kinachoitwa WCH-LinkE, na tafadhali itazameni hiyo herufi E mwishoni. Kuna WCH-Link ya zamani isiyo na E, inafanana nayo, bei iko chini kidogo, na haiongei na chipu hii. Muuzaji asiyejua atakwambia ni kilekile. Si kilekile. Ukishakuwa nacho kazi ni nyepesi: waya wa umeme, waya wa ardhi, na waya mmoja wa data kwenda kwenye pini PD1.

Halafu toleo hili la miguu minane lina mtego. Pini ya kupakilia, PD1, imeunganishwa mguu mmoja na pini za PD4 na PD5. Programu yako ikiukamata mguu huo tangu inapowaka, kifaa cha kupakilia kinakuta mlango umefungwa. LinkE inaweza kuiokoa chipu kwa kuikatia umeme na kuirudishia, lakini afadhali uweke sekunde chache za kusubiri mwanzoni mwa programu.

Kwa kuandika programu, WCH wana MounRiver Studio, ya bure, nzito kidogo kwa laptopu yangu. Mimi natumia ch32fun, zana huria ya kuandikia programu za chipu hizi, aliyoianzisha Charles Lohr, yule mtandaoni anaitwa CNLohr. Ni nyepesi, na mifano yake inasomeka. Yeye na wenzake wameifanya chipu hii ijifanye kibodi ya USB kwa programu tupu, jambo ambalo kiwanda hakikulikusudia kabisa. Njia ya Arduino ipo pia, ila inakula nafasi, na kilobaiti 16 si shamba.

Mshindani wake wa asili ni ATtiny85, ya Atmel, ambayo Microchip waliinunua mwaka 2016. Flashi kilobaiti 8, RAM baiti 512. Kwenye karatasi inapigwa vibaya, na bei yake inazidi dola 1. Lakini inapatikana kwa miguu mirefu inayoingia kwenye bredibodi, ubao wa majaribio wenye matundu, bila kuchomea chochote, unaipakia kwa Uno uliyonayo, na ina EEPROM ya baiti 512 ya kutunza mipangilio umeme ukikatika. CH32V003 haina EEPROM. Unaandika kwenye flashi mwenyewe.

Na kuna usingizi. Ikilala kabisa, CH32V003 inakula karibu mikroampea 10. ATtiny85 inayosubiri kubonyezwa tu inashuka chini ya 1. Betri bapa ya CR2032 ina kama milliampea-saa 220, kwa hiyo mikroampea 10 zinaimaliza kwa miaka miwili na nusu hata kama kitu hakijaguswa. Rimoti ya geti naiwekea Tiny bila kujadiliana.

Kuna hata chipu ya PMS150C ya kampuni ya Padauk, iliyopata umaarufu kwa bei ya senti 3 hivi, ila ile unaipakia mara moja tu. Ukikosea herufi, unatupa. Sina roho hiyo.

Kwa hiyo, kama hujawahi kuwasha LED, nunua Uno ya kunakili kwanza. Kama unayo tayari na umeshajua kuchomea kwa risasi, agiza LinkE moja, bodi moja ya majaribio yenye toleo la miguu 20, na chipu tupu za miguu minane. Zile za 20 zikiwa tupu nafasi kati ya miguu ni milimita 0.65, na kwa chuma nene cha kuchomea utaunganisha miguu mitatu kwa mpigo. Za miguu minane ni 1.27. Hata mkono wangu unazimudu.